Mwamba Ulio Chini ya Zizi

Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha siku kadhaa mfululizo katika mji mdogo wa Walkerton, jimboni Ontario, Kanada. Maji yalisomba vijidudu vya kinyesi cha ng'ombe kutoka shamba la jirani hadi kwenye kisima kimoja cha mji, kisima kifupi kilichovuta maji yake katika mwamba wenye nyufa. Klorini haikuwa ya kutosha. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafariki. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Dennis O'Connor, na katika yote iliyoyabaini lipo moja ambalo sijaweza kulisahau: mwenye shamba hakuonekana na kosa. Samadi yake aliitunza kama wataalamu walivyoshauri.

Kwetu samadi huzungumzwa kwa lugha ya usafi. Bwana afya akipita, mwenye zizi chafu huonywa na mwenye zizi lililofagiliwa husifiwa. Walkerton inatutaka tuulize kwanza swali jingine: chini ya zizi hilo pana nini?

Ulaya walianza na kalenda na mzani. Agizo la Naitreti la mwaka 1991 linaweka ukomo wa kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, na linamtaka mfugaji awe na mahali pa kuihifadhi kwa kipindi chote ambacho ni marufuku kuitawanya shambani. Ireland wameigawa nchi yao kwa kanda. Wapo wanaotakiwa kuwa na nafasi ya wiki 16, na kwingine, ambako ardhi huchelewa kukauka, wiki 22. Sababu ni rahisi kuielewa. Mmea uliolala kwa baridi hauli kitu. Samadi ikimwagwa wakati huo hutiririka mtoni, au huzama ardhini ikawa naitreti kwenye maji ya kunywa. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa ya unga kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni na ngozi hugeuka samawati. Daktari Hunter Comly aliieleza hali hiyo mwaka 1945 kutokana na watoto wa Iowa waliokunywa maji ya visima vya mashambani.

Lakini kuna jambo ambalo sheria za Ulaya hazilisemi kwa sababu kwao ni la kawaida. Samadi yao wanaihifadhi miezi kwa sababu wameifanya kuwa maji. Katika mabanda makubwa kinyesi, mkojo na maji ya kuoshea sakafu huteremka pamoja yakawa uji mmoja, na uji huo hauwezi kukaa popote isipokuwa kwenye tangi au bwawa.

Linganisha na kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga. Ng'ombe wamo bandani, wanaletewa majani na migomba iliyokatwakatwa. Wanayoyabakiza wanayakanyaga, yanalowana mkojo, yanashikamana na kinyesi. Asubuhi mama mwenye nyumba anaingia na jembe, anakokota tabaka la juu, anajaza karai na kulimwaga kwenye shina la mgomba hatua chache kutoka mlangoni. Samadi hiyo ina umbo na inasimama yenyewe. Imetoka kwa mnyama ikaenda kwa mmea bila kupita bwawani, na chini yake pana udongo mzito wa volkano unaochuja. Hapa hapakuhitajika sheria ya wiki 22, na ingekuwa kosa kuiazima kama ilivyo.

Wenzetu wa Oman, ambao watu wengi wa mwambao wana damu moja nao, waliipanga kanuni yao kwa kufuata mkondo. Maji ya falaji, yaani mfereji wa jadi, yanapochomoza kijijini, mahali pa kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa. Baada ya hapo yanafika msikitini na kwenye mabafu, halafu ndipo yanaingia mitendeni. Atakayechafua lazima awe chini ya atakayekunywa. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nayo inamtambulia mchimba kisima harimu, eneo lake la kuzunguka kisima, ya dhiraa 40, karibu mita 20, ili mifugo yake ipumzike kando ya maji. Kanuni hiyo ilitoka katika nchi kavu yenye mifugo ya kuhesabika. Ukiipeleka penye mwamba wenye nyufa, unawalaza ng'ombe juu ya mtungi wako.

Mwamba wa namna hiyo ndio uliowafundisha watu wa kaunti ya Kewaunee, jimboni Wisconsin, Marekani. Ng'ombe huko ni wengi kuliko watu mara kadhaa, na samadi ni ule uji. Udongo ni mwembamba, na chini yake upo mwamba wa dolomaiti uliojengwa na bahari ya kale, wenye mipasuko ambayo maji hupita bila kuchujwa. Theluji inapoyeyuka, kilichomwagwa juu hushuka moja kwa moja. Kuna familia zilizofungua bomba jikoni zikapata maji ya kahawia yanayonuka zizi.

Sheria ya Wisconsin inaziruhusu kaunti kutunga kanuni zao za kuhifadhi samadi. Kewaunee wakaenda mbali zaidi: mwaka 2014 baraza lao lilipiga marufuku kutawanya samadi kuanzia 1 Januari hadi 15 Aprili mahali ambapo udongo juu ya mwamba hauzidi futi 20, yaani takribani mita 6. Aprili 2015 suala hilo likapelekwa kwa wapiga kura, nao wakaridhia. Miaka mitatu baadaye jimbo likatunga kanuni yake kwa maeneo yenye mwamba huo.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni bora kati ya zote nilizozitaja, na imewashinda hata Ulaya wenye wataalamu wengi. Ilitungwa na wanywaji wa maji yale yale, na kipimo chake ni kina cha udongo chini ya miguu yao.

Sasa tutazame nyumbani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, kinakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto na bwawa. Ni kifungu kizuri. Hata hivyo kinaanza kupima pale jicho linapoona maji. Penye chokaa maji hayaonekani, yako chini. Nenda Tanga, kwenye mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji yakawa mapango ya Amboni. Vuka bahari uende maweni ya Unguja, ambako jembe likishuka kidogo tu linagonga tumbawe. Mwamba huo nao ulijengwa na bahari, ndugu mdogo wa ule wa Kewaunee. Ukiweka juu yake lundo la samadi lisilo na paa wakati wa masika, liwe mita 60 au 100 kutoka mtoni, kisima cha jirani ndicho kitakachopokea.

Nguvu ya kuzuia hilo tunayo. Kwa upande wa Bara, tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukatoa maoni yake na halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Sakafu ya saruji, paa la makuti na kingo za tofali mbili hazimfilisi mfugaji wa ng'ombe watatu.

Wajumbe wa serikali za vijiji vya Tanga na mwambao, masika huanza Machi. Chimbeni shimo moja kando ya kila zizi, mwone jembe linagonga jiwe kwenye kina gani, na hicho ndicho kipimo cha kuandika katika sheria yenu.