Ngazi ya Daktari Msaidizi

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, 12 tu, na kijana aliyetaka kusomea udaktari hakuwa na budi kwenda Makerere au ng'ambo. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, katika hospitali ambayo chimbuko lake ni ile iliyojengwa mwaka 1897 kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, na ambayo baadaye iliitwa Muhimbili. Mwaka 1968 chuo hicho kikawa kitivo cha Chuo Kikuu.

Mwaka huohuo wa 1963, pasipo shamrashamra, yalianza pia mafunzo ya madaktari wasaidizi, yaani watumishi wa tiba waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika vituo vya afya na hospitali za wilaya, wakarudishwa darasani ili wafundishwe, pamoja na mengine, kazi ya upasuaji. Njia hii ya pili, ambayo wanahistoria wameipa kurasa chache mno, ndiyo iliyopeleka tiba mbali zaidi na mji. Aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Muhimbili alijifunza udaktari penye maabara, eksirei na bingwa wa kumuuliza, ilhali mwenzake wa njia ya pili alikuwa ameuanza penye foleni ya wagonjwa wa malaria na kabati la dawa lisilojaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikitanguliza kijiji, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka wanafunzi wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu, jambo ambalo madaktari wasaidizi walikuwa wakilitimiza tangu awali.

Mjamzito aliyefikishwa usiku katika hospitali ya wilaya akiwa na uchungu pingamizi, yaani mtoto ameshindwa kupita njia ya kawaida, mara nyingi alipasuliwa na daktari msaidizi. Hata katika miaka ya 2000, Kigoma na Mwanza, sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa mikononi mwao. Wagonjwa waliwaita wote "daktari". Serikali haikufanya hivyo: stashahada ya madaktari wasaidizi haikuhesabiwa kuwa shahada, na aliyetaka kupanda zaidi aliketi upya na vijana waliotoka sekondari, akafundishwa mwaka baada ya mwaka kazi ambayo mikono yake ilikwisha kuizoea.