Lukasa: Njia ya Kalala Ilunga

Lukasa, ubao wenye kiuno chembamba na shanga zilizopachikwa, ni historia ya Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo. Ulikuwa wa mbudye, chama cha watunza kumbukumbu za ufalme. Lukasa nyingi zinazojulikana ni za karne ya 19 na 20. Msimulizi aliushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ushanga mkubwa kati ya shanga ndogo ni mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ni safari.

Safari mashuhuri kuliko zote ni ya kutoroka. Nkongolo Mwamba, mfalme mkatili, alimwogopa mpwa wake, Kalala Ilunga. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika kijana aje acheze. Hila mbaya, maana nani hukataa ngoma ya mjomba? Mpiga ngoma, Kahia, akamwonya kwa mapigo. Kalala akatupa mkuki, ukatoboa mkeka. Akaruka, akakimbia hadi mto Lualaba. Alipovuka aliwaagiza wapiga kasia wasimvushe Nkongolo. Ng'ambo alimfikia baba yake, mwindaji Mbidi Kiluwe, akarudi na jeshi, akatwaa ufalme.

Anayetaka kuifuata njia hiyo aanzie Bukama, ambako reli ya kutoka Lubumbashi ilifika Lualaba mwaka 1918. Chini zaidi ya mto kuna Ziwa Kisale na makaburi ya kale ya Sanga, yaliyochimbuliwa mwaka 1957. Nenda kiangazi, kwani wakati wa mvua mabwawa ya Upemba humeza njia.