Nywele Hazidanganyi? Waulizeni Polisi wa Boston

Juzi nilikuwa saluni hapa Kongowea, nimemsindikiza dadangu kuweka dawa. Msichana aliyekuwa kiti cha pili akasema amesikia kuna kazi ng'ambo unakatwa nywele zikapimwe kama unatumia mihadarati. Msusi akacheka: "Basi hapo hutoki, nywele hazidanganyi!" Sote tukaitikia. Kufika nyumbani nikachimba. Jamani, zinadanganya.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, kina Baumgartner, walionyesha kwamba alama za heroini zinabaki ndani ya nywele za aliyeitumia. Ilikuwa habari kubwa, manake mkojo unakumbuka siku chache tu. Nywele za kichwa hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hivyo kipande cha sentimita 3 kinabeba habari za miezi 3 hivi.

Lakini nani hapa mjini hajatia kitu kichwani? Blichi ina peroksaidi: inavunja rangi ya nywele, na mihadarati iliyo ndani inaivunja pia. Relaksa nayo ni kali na hufanya vivyo hivyo. Ndio maana anayetumia anaweza kuonekana ana kidogo kuliko ukweli.

Upande wa pili ndio unaoniuma. Nywele zilizochomwa na kemikali hunyonya kama sponji. Unga ukikugusa kutoka nje, hata kama hujawahi kuonja, unaingia kwa urahisi. Maabara huziosha kwanza, lakini kuosha hakutoi kila kitu. Tena kokeini hushikana na melanini, ile rangi inayofanya nywele ziwe nyeusi. Watu wawili wakitumia sawasawa, mwenye nywele nyeusi tii anaweza kuonekana ametumia zaidi ya mwenye nywele za rangi ya dhahabu.

Sasa twende Boston. Polisi wa huko walikuwa wanapimwa nywele kila mwaka. Kuanzia 1999 hadi 2006, weusi waliokutwa na kokeini walikuwa kama asilimia 1.3, weupe hawakufika hata asilimia 0.3. Mwaka 2005 weusi 10 wakaenda kortini wakisema hawakutumia, na kwamba kipimo hakitendi haki kwa nywele kama zetu. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kipimo kile kiliwaumiza weusi zaidi, na kwamba hiyo tofauti si bahati mbaya tu. Kesi ikaburutwa hadi 2023, mji ukakubali kulipa dola milioni 2.6 kwa waliokuwa maafisa watatu na kuruta mmoja. Miaka 18! Kuna aliyeingia kortini kijana akatoka na mvi.

Msinielewe vibaya. Unga umetumalizia vijana Pwani, na kila mtaa una teja wake aliyekuwa akiongoza darasani. Mtu anayeendesha basi la abiria apimwe, sina neno. Ninachokataa ni kishungi cha nywele kuwa polisi, shahidi na hakimu. Mtu aulizwe kwanza ametia nini kichwani. Apimwe tena kwa njia nyingine. Ndipo riziki yake iguswe.

Wewe ungekubali kukosa kazi kwa sababu ya relaksa ya Idi?