Noti ya Kweli, Mamlaka ya Uongo

Mama yangu mdogo aliuza dagaa sokoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Jioni moja, alipokuwa akifunga meza yake, mteja mwenye haraka alimpa noti ya shilingi elfu kumi, akachukua bidhaa na chenji, akapotea katika umati. Kesho yake benki waliipitisha noti ile chini ya taa, wakaichukua, wakamweleza kwamba ni bandia na kwamba hakuna fidia. Aliporudi nyumbani aliniuliza swali ambalo elimu yangu yote haikuweza kulijibu papo hapo: "Mwanangu, mimi nimeiba nini?"

Ndugu wasomaji, swali hilo limenirudisha mara nyingi kwenye historia ya fedha za karatasi. Sote tumefundishwa namna ya kuitambua noti halali. Ipapase kwa vidole, kwa kuwa karatasi yake hutokana na pamba na michoro yake mikuu ina mkwaruzo unaohisika. Iinue kwenye mwanga uone alama maji, ambayo katika noti zetu ni sura ya Mwalimu Nyerere, pamoja na uzi wa usalama uliopita ndani ya karatasi. Igeuzegeuze, utazame sehemu zinazobadilika rangi. Mwisho, soma namba yake, kwa sababu noti mbili halali za thamani moja na toleo moja haziwezi kuwa na namba ileile. Mafunzo haya ni mema na ninayaunga mkono. Lakini yote yamejengwa juu ya dhana moja: kwamba uhalali wa noti umo ndani ya noti yenyewe. Mwaka 1925 nchi ya Ureno iliivunja dhana hiyo.

Mhusika mkuu alikuwa Artur Alves Reis, Mreno aliyeanza maisha ya utu uzima katika koloni la Angola. Aliingia huko akiwa na shahada ya uhandisi aliyojitungia mwenyewe, ikidaiwa kutolewa na shule ya Oxford ambayo haikuwahi kuwapo. Shahada ile ilimpatia kazi, cheo na heshima. Sisi tunaokumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 hapa Tanzania, ulioondoa watumishi 9,932 katika orodha ya mishahara ya serikali, hatuna haja ya kumshangaa sana. Aliyefanikiwa kughushi cheti alijifunza jambo moja la msingi: watu wengi huutazama muhuri, na wachache huuliza nani aliugonga.

Mwaka 1924, akiwa mahabusu mjini Porto kwa tuhuma za fedha, Alves Reis alichunguza namna Benki ya Ureno ilivyoendeshwa. Benki hiyo ilikuwa na haki ya kutoa noti za taifa, lakini ilikuwa kampuni yenye wanahisa, na usimamizi wa wingi wa noti zake ulikuwa hafifu. Alipoachiwa, hakutafuta mtambo wa kuchapa wala fundi wa kuchonga bamba. Aliandika mkataba. Mkataba huo wa uongo ulidai kwamba kundi la wafadhili limekubali kuikopesha Angola, na kwamba kwa malipo limeruhusiwa kuchapishiwa noti kwa niaba ya Benki ya Ureno. Aliupitisha kwa mthibitishaji wa nyaraka, akaupatia mihuri ya balozi za kigeni, kisha akaghushi saini za wakubwa.

Mwezi Desemba 1924 mshirika wake Mholanzi, Karel Marang, aliupeleka mkataba ule London kwa Waterlow and Sons, kampuni ileile iliyokuwa ikiichapishia Benki ya Ureno noti zake. Mkuu wa kampuni, Sir William Waterlow, aliambiwa kwamba jambo hili ni la siri kubwa, kwamba barua zote zipitie kwa Marang mwenyewe, na kwamba noti zitagongwa neno "Angola" zikifika koloni. Aliamini. Yapo mengi ya kusema kuhusu kuamini huko, lakini mimi husimama hapa: hadithi ilikubalika kwa urahisi kwa sababu ilihusu koloni. Kwamba fedha za Waafrika zingepangwa kwa siri, kupitia kwa mawakala, bila wenyewe kujua, halikuonekana kuwa jambo la ajabu katika Ulaya ya wakati huo.

Hivyo zikachapwa noti 200,000 za escudo 500 kila moja, na baadaye zikaagizwa nyingine zaidi. Karatasi, wino na bamba vilikuwa vya matbaa ileile. Juu yake palikuwa na sura ya Vasco da Gama, baharia ambaye watu wa pwani yetu wanamjua kwa sababu zao. Alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na nguzo inayohusishwa naye ingali Malindi. Shehena ya kwanza peke yake ilikuwa na thamani ya escudo milioni 100. Kwa fedha hizo Alves Reis alianzisha benki yake, Angola e Metrópole, akaanza kununua hisa za Benki ya Ureno. Fikra yake ilikuwa nyepesi na ya kutisha: akiimiliki benki kuu, nani tena angekuwa na mamlaka ya kumshitaki?

Tetesi zilipoenea, wakaguzi walikwenda Porto mwezi Desemba 1925 wakazipima noti zile. Vipimo vyote vilisema ni halali. Kilichomuumbua Alves Reis ni namba: zilipatikana noti mbilimbili zenye namba moja. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kulikuwa na noti pacha nchini, na raia wa kawaida hakuwa na njia ya kujua ipi ni ipi.

Sasa turudi kwa Mama mdogo. Benki ya Ureno ingeweza kuwaambia raia: aliyekamatwa na pacha haramu, shauri yake. Haikufanya hivyo. Ilitangaza kuziondoa noti zote za aina ile na kuwabadilishia walionazo, halali na haramu pamoja, kwa sababu kukataa kungeua imani katika kila noti ya nchi. Kisha ikamfungulia mchapaji kesi London. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, kwa kura tatu dhidi ya mbili, liliamuru Waterlow ilipe pauni 610,392. Kampuni ilidai kwamba hasara ya benki ni gharama ya karatasi na uchapaji tu, maana noti inaweza kuchapwa nyingine. Waliokuwa wengi waliikataa hoja hiyo: benki ililazimika kutoa thamani kamili, basi hasara yake ni thamani kamili.

Alves Reis alihukumiwa mwaka 1930 kifungo cha miaka 20. Aliachiwa 1945 na kufariki 1955. Ila Ureno ililipa zaidi. Kashfa hiyo iliidhoofisha jamhuri iliyokuwa tayari inayumba, na mwezi Mei 1926 wanajeshi waliipindua. Sidai kwamba noti ndizo zilizoleta mapinduzi. Chuki dhidi ya serikali ilikuwa na vyanzo vingi. Nasema tu kwamba raia waliokwisha kuitilia shaka serikali waliongezewa sababu ya kuitilia shaka hata karatasi iliyomo mfukoni mwao.

Wanafunzi wangu hupenda kuuliza somo ni lipi. Kwa mtumishi wa umma, ni kwamba mkataba wenye mihuri kumi unaopita kwa mkono wa mtu mmoja, kwa masharti ya siri, hauna tofauti na noti isiyo na alama maji. Simu moja ya moja kwa moja kwa benki iliyodaiwa kuagiza noti ingeumaliza mchezo wote. Kwa mwanaharakati, ni kwamba swali la "nani aliidhinisha?" ni kipimo cha usalama kama ulivyo uzi ndani ya karatasi.

Na kwa Mama mdogo? Sheria inakataza kuipitisha noti bandia kwa mwingine ukijua ni bandia, naye hakufanya hivyo. Aliipeleka benki mwenyewe, akapoteza faida ya siku nzima kwa uaminifu wake. Najua hoja ya upande wa pili: fidia ya kila noti bandia ingewatajirisha waghushi. Lakini Lisbon inatukumbusha kwamba kuamua nani abebe hasara ni uamuzi wa kisiasa, na mara nyingi sisi huumaliza kwa kumtwika aliye wa mwisho katika mnyororo, mwenye taa hafifu kuliko wote. Hukuiba kitu, mama. Ulibeba tu mzigo wa wengine.