Asili ya Neno "Shule"

Kila asubuhi hapa Mpwapwa twawaambia watoto, "Nendeni shule." Neno hili twalitumia daima, lakini ni wachache waulizao lilikotoka. Si la Kigogo, wala si la Kiswahili cha kale. Zamani watu wa pwani walisema chuo, yaani kitabu, na tena mahali pa kukisomea. Neno hilo halikufa. Hata leo twasema Chuo cha Ualimu.

Shule ni neno la Wadachi, Schule. Hao walijenga boma lao hapa Mpwapwa mwaka 1889, wakaitawala nchi hata wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918. Utawala wao ulikwisha, neno lao likabaki, kama lilivyobaki neno hela. Lakini Unguja, walikotawala Waingereza, watu husema skuli, kwa kuwa Waingereza husema school.

Basi maneno hayo mawili ni ndugu, na watu wa Denmark wanaye ndugu wa tatu, skole. Yote yatoka katika Kilatini cha Warumi, schola. Nao Warumi walilipata kwa Wayunani, waliosema skhole. Kwa Wayunani maana yake ya kwanza haikuwa nyumba, wala mwalimu, wala fimbo. Ilikuwa nafasi, yaani wakati ambao mtu hakushikwa na kazi. Wenye nafasi walikaa pamoja wakizungumza mambo ya elimu. Baadaye mazungumzo hayo yakaitwa skhole, na mwisho hata mahali pake.

Wazazi wenzetu, nafasi hiyo haikupatikana bure. Huko Uyunani watumwa wengi walifanya kazi ili wachache wakae na kujifunza. Sisi hatuna watumwa, na ng'ombe lazima wachungwe. Kwa hiyo kila mtoto aketiye darasani, yuko mtu nyumbani aliyemchukulia mzigo wake: baba aliyekwenda malishoni mwenyewe, au mama aliyechota maji peke yake.

Lakini sisi walimu twawajua pia watoto ambao majina yao yamo daftarini, nao wenyewe wamo shambani wakiamia ndege katika mtama, siku baada ya siku. Mtoto huyo twasema ana shule, kwa kuwa nyumba imejengwa na mwalimu yupo. Kumbe kwa maana ya kale ya neno lenyewe, bado hajapewa.