Duka la City Lights: Kitabu cha Senti 75
Machi 1957, maofisa wa forodha wa San Francisco walizuia nakala 520 za Howl, diwani ya Allen Ginsberg iliyochapwa Uingereza. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu alikataa kufungua kesi, nakala zikaachiliwa. Polisi wa jiji hawakuridhika. Juni, makachero wawili waliovalia kiraia waliingia dukani humu, wakanunua nakala moja kwa senti 75. Baadaye muuzaji, Shigeyoshi Murao, alitiwa mbaroni kwa kuuza maandishi machafu. Kijana huyu alikwishafungiwa kambini na serikali kuu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisa tu asili yake ni Kijapani. Mchapishaji, Lawrence Ferlinghetti, naye alishtakiwa. Oktoba, Jaji Clayton Horn aliamua kwamba kitabu hakina hatia.

Bughudha dhidi ya machapisho haikukoma. Miaka ya 1960, magazeti ya vijana waliopinga vita vya Vietnam yaliandamwa kwa hila. FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ilichapisha hata magazeti bandia, likiwemo Armageddon News huko Indiana. Mpango wa siri wa hila hizo, COINTELPRO, ulifichuka 1971, wanaharakati walipovunja ofisi ya FBI mjini Media, Pennsylvania, na kuwatumia waandishi wa habari mafaili yake.