Risiti za Mkebe wa Kimbo

Mama yangu hakujua kusoma, lakini karatasi yenye mhuri haikutupwa nyumbani kwetu Kaloleni. Zote alizitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo juu ya kabati. Alipofariki, ndugu zangu waligawana vyombo. Mimi nikauomba mkebe.

Risiti za kaka yangu mkubwa zimeandikwa waziwazi: karo. Zangu hazina neno hilo. Niliingia darasa la kwanza Januari 1974, amri ya Mzee Kenyatta ya kufuta karo hadi darasa la nne ilipoanza kutumika. Kwa mwaka mmoja, wanafunzi wa msingi nchini waliongezeka kutoka kama milioni 1.8 hadi milioni 2.8. Darasani kwetu tulibanana watano kwenye dawati moja, wa pembeni akiandika huku amekalia paja moja tu.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi ilipo Kaloleni, haikujengwa kwa ajili ya watoto. Mkoloni alimtaka mwanamume aje mjini na kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi, afanye kazi, kisha arudi kwao. Mke na wana wabaki mashambani. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 ikiwa na nyumba za familia, ilikuwa kitu kigeni. Basi karo ilipofutwa, watoto walifurika na madarasa hayakuwepo. Ndipo zikazuka pesa za ujenzi.

Risiti yangu ya kwanza inasema hivyo: ujenzi. Kabla haijapatikana, mwalimu alisoma majina ya wasiolipa asubuhi moja, nasi tukatoka na mabegi yetu. Nilimkuta Mama akimpimia mteja omena. Aliniangalia, akakirudisha kikombe guniani bila neno, akajifunga leso upya na kwenda kukopa. Mteja alibaki amesimama na mfuko wazi. Darasa jipya sikuliona mpaka namaliza la saba.

Mwaka 1979 Rais Moi alizifuta pesa za ujenzi, akatuletea maziwa ya shule yaliyoitwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembe tatu. Nisiseme uongo, yalikuwa matamu. Lakini mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaja na ushonaji na useremala, na karakana zikawa mzigo wa mzazi. Kabla muongo haujaisha, kuchangia gharama kukawa sera rasmi ya serikali. Risiti za mdogo wangu ni nene kuliko zetu sote: karakana, dawati, michezo.

Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo tena. Kitinda mimba wangu aliandikishwa bure, nami nililia pale foleni kama mjinga. Muhula wa pili nikaitiwa pesa za mlinzi, kisha za masomo ya ziada.

Risiti ya mjukuu wangu, ya muhula huu, imeandikwa mtihani, na haina mhuri. Mzazi mwenzangu, ukilipa, dai mhuri.